Kitanda Kisichopita Mlangoni

Watu wa mtaani kwetu wana maneno. Wapo wanaosema kitanda ndicho kilichomuua mume wangu, na wapo wanaosema kitanda ndicho kilichomwokoa mjukuu wangu. Wakiniona dukani wananyamaza, nikishalipa chumvi yangu nikatoka wanaanza upya. Waseme, mdomo haulipiwi kodi. Siku ya kimbunga wao walikuwa shuleni wamejifunika mablanketi ya msaada, mimi nilikuwa chumbani. Kwa hiyo nitasimulia mwenyewe.

Mume wangu alikuwa seremala. Mtaa mzima walimwita Fundi, hata mimi mkewe nilimwita hivyo hivyo. Milango mingi ya barabara yetu ni kazi ya mikono yake, na madawati ya shule, na majeneza pia, maana mtu wa mbao hachagui kazi. Kwenye kazi ya mteja hakuwahi kukosea kipimo. Ila mganga hajigangi. Tulipohamia nyumba hii alitaka kunitengenezea kitanda, na kwa kuwa karakana yake ilikuwa imejaa viti vya watu, akakiundia mlemle chumbani. Mbao ngumu, nene, bila msumari hata mmoja, kila ubao umeingia ndani ya mwenzake ukashikwa na gundi. Akakipa miguu mirefu ili tuweke masanduku chini. Alipomaliza akasimama akifuta jasho, akatazama kitanda, akatazama mlango, akatazama kitanda tena. Ukilaze, ukisimamishe, ukigeuze ubavu, hakipiti. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Yeye akasema, na ule uso wake wa kazini, "Basi mwizi hatakiiba."

Tulizeeka juu ya kitanda hicho. Kisha kiharusi kikampiga upande wa kulia, na nyonga ya kulia ikavunjika alipoanguka. Akabaki na mkono wa kushoto na maneno machache. Kulala aliweza, kukaa hakuweza. Ukimkunja kidogo tu anapiga kelele za mnyama, na daktari alituambia waziwazi kwamba huyu ni mtu wa kulala chali hadi mwisho wake. Nilimwosha mwenyewe, nilimlisha mwenyewe. Sikutaka mtu mwingine amwone hivyo.

Vyumba vya uani aliishi binti yetu na mumewe na mtoto wao. Binti yangu anafanya kazi kiwanda cha mikate, mkwe wangu ni makanika wa magari, mtu wa maneno machache na kucha nyeusi. Mimi naye tulikuwa tunaheshimiana kwa mbali, salamu asubuhi, salamu jioni, yametosha. Mtoto alikuwa na miaka minne, na kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki tulimwita Kasuku. Kutwa nzima alikuwa chumbani kwa babu yake. Babu haongei, yeye anaongea kwa ajili ya wawili, anauliza na anajibu mwenyewe, na Fundi anacheka kwa ule upande wa mdomo uliobaki.

Asubuhi ile gari la matangazo lilipita likisema kimbunga kitafika mchana, kila mtu ahamie shule ya sekondari kule mlimani. Jirani yetu mwenye pikapu akasimama mlangoni injini ikinguruma. Mkwe wangu akaingia chumbani.

"Mama, jirani ametupa nafasi. Tumbebe mzee twende."

"Utambebaje?"

"Kwa mgongo."

"Mgongo gani wa kubeba mtu asiyekunjika? Unataka afie njiani?"

Akakizunguka kitanda. Najua alichokuwa anawaza, nami niliwaza hivyo hivyo. Kama kitanda kingepita mlangoni, tungempakia nacho kama kilivyo, akafika shuleni amelala. Godoro peke yake, ukilinyanyua hadi garini, lingejikunja na yeye juu yake. Akatoka. Aliporudi alikuwa na msumeno wa Fundi mwenyewe mkononi, kautoa karakana. Akapiga magoti akauweka kwenye ubao wa ubavuni.

"Nikikata upande huu tu, kitapita," akasema.

Fundi aligeuza macho akauona msumeno wake. Chozi likatoka jicho moja, lile zima. "Hapana," akasema. Lilikuwa moja ya maneno yake. "Hapa."

Nikaunyakua ule msumeno. "Hebu niondolee hiki chombo!"

"Mama, ni mbao tu."

"Ni mbao tu? Na wewe ni nyama tu. Nikukate?"

Binti yangu akaja mbio akidhani tunapigana. Kasuku akaja nyuma yake akiuliza nani anakatwa. Mkwe wangu akasimama, na kwa mara ya kwanza tangu amwoe mwanangu akanitazama machoni.

"Mama, nakuheshimu," akasema. "Lakini humu ndani kuna mtoto, na mtoto ni wangu."

"Mchukue mtoto wako. Mchukue na mke wako. Nani kawafunga kamba?"

"Mimi sitoki hapa nikamwacha baba," binti yangu akasema, akakaa pembeni ya kitanda, na ukimjua binti yangu utajua kwamba mjadala ulikuwa umekwisha. Kichwa kigumu alikirithi kwangu, simsingizii mtu.

Basi mkwe wangu akamchukua Kasuku peke yake, mtoto analia na kupiga mateke, wakapanda pikapu. Nikamwambia moyoni, nenda baba, nenda salama. Nilikuwa bado naziba ufa wa dirisha kwa matambara mlango uliposukumwa. Alikuwa yeye, ameloa chapachapa, mtoto kamfungia ndani ya koti. Nguzo ya umeme ilikuwa imeanguka, njia ya mlimani imezibwa, jirani kaligeuza gari akakimbilia kwa kaka yake.  Mkwe wangu alimkabidhi mkewe mtoto, akanitazama tena, akaanza kupigilia mbao kwenye mlango wa mbele.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mume wangu alikuwa mtu mzima, amekula chumvi nyingi, kifo hakikuwa kigeni kwake. Lakini mtoto huyu alikuwa humu kwa sababu yangu. Akipatwa na jambo, hakutakuwa na wa kumnyooshea kidole ila mimi, na mkwe wangu hatahitaji hata kusema.

Upepo ulikuja mchana, jua likiwa limefichwa kiasi cha kuwasha taa, na umeme hakuna. Mwanzoni uligonga mabati kama mtu anayebisha hodi, ukanyamaza, ukarudi. Baadaye ukaacha kunyamaza. Maji yakaanza kupita chini ya milango. Tukasikia bati la jirani likiburuzwa barabarani, kisha kitu kizito kikapasuka, na mbwa mmoja aliyekuwa akibweka akaacha kubweka. Sebuleni kioo kilivunjika. Tukahamia korido, maana korido yetu haina dirisha, kuta pande zote mbili. Fundi tu ndiye aliyebaki chumbani, hatua chache kutoka kwetu, mlango wazi, na mimi naenda na kurudi.

Mkwe wangu akaniita pembeni, kama korido ile ina pembeni. Tulisimama tumebanana, goti lake linagusa goti langu, jambo ambalo siku nyingine lingetufanya sote tuombe radhi. "Mama, dirisha la mle halitadumu," akasema. "Tumtoe na godoro lake. Tutaliburuza taratibu, hatutamkunja. Ataumia, lakini atakuwa huku."

"Sawa," nikamwambia.

Alishangaa. Nadhani alikuwa amejiandaa kwa vita vingine. Lakini mimi ugomvi wa siku ile ulikuwa umeniishia, na mabati yalikuwa yanaruka kwenye misumari yake. Yeye na binti yangu wakaanza kusogeza kabati la vyombo na cherehani ili godoro lipate nafasi. Mimi nikaingia chumbani kumfunga Fundi blanketi.

"Fundi, tunakuhamisha," nikamwambia sikioni. "Ukitaka kutukana, tukana, hatutakuelewa."

Akacheka upande mmoja. Nakumbuka hilo vizuri, alicheka.

Kasuku alikuwa ameachwa korido na kuambiwa asiguse kitu. Mara namwona kaingia, kapiga hodi kwenye ubao wa kitanda. "Babu, mama kasema neno baya," akamshitakia. "Kabati limemkanyaga kidole akasema neno baya."

"Rudi kwa mama yako," nikasema.

"Nalisema kidogo tu, babu asikie."

Hakulisema. Dirisha lilitoka lote, fremu na kila kitu, likaruka chumbani likagonga ukuta wa pili. Upepo ukaingia ndani ya nyumba, na ukishaingia unatafuta pa kutokea. Paa likainuka. Niliona mwanga wa kijivu kati ya ukuta na mabati, kisha sikuona mabati tena. Kabati la nguo likaniangukia, likaniangusha sakafuni, likanibana miguu ukutani kuanzia magotini. Sehemu ya ukuta juu ya mlango ikashuka, matofali yakajaa kwenye kizingiti mpaka kiunoni mwa mtu, na juu yake boriti moja ikabaki inaning'inia, imeshikwa na msumari, inapepesuka.

Ng'ambo ya matofali binti yangu alikuwa anapiga mayowe. "Kasuku! Kasuku mwanangu! Uko wapi?"

Mtoto alikuwa katikati ya chumba, hana hata mkwaruzo, nywele zimesimama. Akasikia sauti ya mama yake. Mtoto gani akisikia mama yake analia hataenda? Akaanza kukimbia kuelekea mlangoni, chini ya ile boriti.

Nilipiga kelele. "Usiende! Simama! Mama yako atakuja!" Upepo ulizila kelele zangu zote. Nilivuta miguu yangu nikasikia nyama inachanika, kabati halikutikisika. Sijawahi kuomba Mungu kwa ghadhabu kama siku ile. Nilimwambia, chukua yeyote humu, mchukue huyu niliyemng'ang'ania, nichukue mimi mwenye domo, lakini si huyu.

Mtoto akapita kando ya kitanda, na mkono wa Fundi ukashuka ukamdaka kifundo cha mkono.

"Shika," Fundi akasema.

Ndivyo alivyokuwa akimwambia msaidizi wake karakana, ubao ukiwa karibu kukatwa na hataki ucheze. Kasuku hakutaka kushikwa. Alijivuta, akapiga mateke, akajipinda akamng'ata babu yake mkono, na meno ya mtoto wa miaka minne si mchezo. Damu ikatoka. Fundi hakuachia. Mkono ambao miezi yote ile ulikuwa unashindwa kushika kijiko usimwage uji ulimvuta mtoto chini, ukamsukumia uvunguni mwa kitanda, kati ya masanduku, na bado ukamshika.

Boriti ya mlangoni ikaanguka pale pale alipokuwa anakwenda. Sakafu ilipasuka.

Kisha zilizobaki juu zikashuka zote, mbao za paa na kenchi zilizozibeba, matofali ya juu ya ukuta, zikaangukia kitandani. Kitanda kililia mara moja. Hakikuvunjika, hakikulala, hata mguu mmoja haukuteleza.

Mimi nilikuwa chini, sikuweza kuona juu. Nilichokiona ni uvungu. Niliuona uso wa mtoto, mdomo umeachama, na mkono wa mume wangu umening'inia ubavuni mwa kitanda ukiwa umemshika.

"Fundi!" nikaita. "Fundi, uko?"

Ilichukua muda. "Hapa," akasema.

Mungu ambariki kwa neno lile. Nililia kwa sauti, sikuona haya. Mkwe wangu naye akaita kutoka ng'ambo, nikamjibu kwamba mtoto mzima, mzima kabisa, babu yake kamshika, wasiguse yale matofali mpaka upepo upungue maana ukuta uliobaki utatuangukia. Nikamsikia binti yangu anaanza kuomba na mumewe anamwambia kaa chini, kaa chini mke wangu.

Tukakaa hivyo. Maji yalikuwa yanapita sakafuni na mvua inatunyeshea kama tuko shambani. Nikaongea na Kasuku ili asitoke. Nikamwuliza lile neno baya ni lipi, akalisema, na kweli lilikuwa baya. Nikautazama ule mkono. Kidole gumba cha Fundi kilikuwa kinapita juu ya ngozi ya mtoto, kinakwenda na kurudi, vile alivyokuwa akipitisha kwenye ubao baada ya randa kuona kama umelainika. Muda wote ambao kidole kile kilikuwa kinatembea, mimi nilikuwa na nguvu. Nilimwambia Fundi mambo mengi, mengine si ya kusimuliwa hapa.

"Bibi," Kasuku akasema, "babu ananibana."

"Anakushika."

"Mwambie aachie kidogo."

"Mwambie mwenyewe, wewe si ndiye rafiki yake?"

Akamwambia. Akamwambia tena, kwa adabu, kwa kumwita babu yangu mzuri. Nikautazama mkono nikingoja kidole gumba kitembee. Nikangoja. Upepo ulivuma, ukapumua, ukavuma tena, na kidole kilikuwa palepale. Nikajua.

Nilitaka kupiga ukelele wa kumpasulia mtu sikio. Nimeishi na mtu yule tangu ujanani, nimemzalia, nimegombana naye, nimemwosha, na hakuna aliyenipa ruhusa ya kumlilia, kwa sababu uvunguni kulikuwa na mtoto ambaye angenisikia akaanza kujivuta na kutoka kwenye mvua ile ya matofali. Nikauuma upindo wa kanga yangu mpaka fizi zikauma.

"Babu amelala," nikamwambia.

"Na makelele yote haya?"

"Yeye kazoea. Kalala maisha yake yote karibu na msumeno."

Akaridhika kidogo. Baada ya muda akasema, "Mkono wake una baridi."

"Ni mvua hiyo. Hata wangu una baridi."

"Nimpashe?"

"Mpashe, mwanangu."

Akaweka mkono wake mwingine juu ya ule wa babu yake, akaanza kuusugua. Akawa anamsimulia habari ya mtoto mmoja wa jirani aliyemnyang'anya mpira, hadithi ndefu isiyo na kichwa wala miguu. Katikati akasimama. "Babu, unasikia?" akauliza. "Babu, uko?"

Mimi nikafinya mdomo wangu upande mmoja, nikatoa sauti nzito ya kukwaruza, sauti niliyoisikia kila siku tangu kiharusi kile. "Hapa," nikasema.

Sijui kama aliamini. Aliendelea na hadithi yake. Kila alipouliza nilijibu, na kila nilipojibu nilimkosa mume wangu upya. Mwishowe sauti yake ikawa ndogo, kichwa kikaegemea sanduku, akalala usingizi wa watoto ambao hata kimbunga hakiuwezi.

Upepo ulichoka kabla jua halijazama. Nikasikia mkwe wangu anatoa matofali moja moja, kisha akaleta jeki ya gari, akainua boriti ya mlangoni, akaingia kwa tumbo. Alikuja kwangu kwanza, kwa sababu ni mimi tu niliyeonekana. Akaweka jeki chini ya kabati.

"Mtoto kwanza," nikamwambia. "Amelala. Usipige kelele."

Akakigeukia kitanda. Yeye alikuwa amesimama, kwa hiyo aliona kilichokuwa juu, kile ambacho mimi sikukiona. Akavua kofia. Binti yangu akaingia nyuma yake, akaona na yeye, akaketi kwenye matofali na mikono kichwani, na hakutoa hata sauti, kwa ajili ya mtoto. Nilimpenda sana wakati ule.

Mkwe wangu akapiga magoti kando ya kitanda, pale pale alipopiga asubuhi. Akaingiza mikono uvunguni akamkumbatia Kasuku, akamvuta. Mtoto hakuja. Akavuta tena, taratibu zaidi, na mkono wa Fundi ukaja naye mpaka ukanyooka, vidole vimekaza kwenye kile kifundo kidogo.

Akanitazama. Mimi nilikuwa bado nimebanwa.

"Vimekauka, mama," akasema kwa sauti ya chini. "Naogopa kumvunja."

 Nilitikisa kichwa tu, machozi yamenijaa mdomoni. Akamlaza mtoto vizuri kwenye mkono wake mmoja. Kisha akainama mpaka mdomo wake ukawa karibu na mkono wa mume wangu.

"Baba," akamwambia, "achia sasa. Nimeshamshika."

Akaanza na kidole kidogo. Akavifungua kimoja kimoja, taratibu, na kwa kila kidole alirudia kumwambia, "Achia, baba. Ninaye."